Mia Mbili

Utingo alitutazama mara moja, akaamua sisi watu wa nyumba moja.
Noti ya elfu, moja tu, imechakaa kama kitambaa cha jikoni:
"Mia tano yako, mia tano ya mama. Mtagawana."
Gari ikaondoka Darajani na moshi wake,
ikatuacha mimi na mwanamke nisiyemjua
tumeishika noti huku na huku
kama wanaokunja shuka.

Mimi nilikuwa na bahasha ya picha ya kifua,
ile kubwa ya kaki, haikubali kufichwa kwapani.
Yeye alikuwa na kikapu cha ukindu,
ndani saa ya ukutani imeviringwa kanga
kama mtoto aliyetoka kuoshwa.

Muuza vocha hana chenji.
Muuza ndimu hana, na ndiyo kwanza afungue.
Muuza simu alitaka tununue chaja.
"Mji wote huu," alisema yule mama,
"mia tano mbili hazikutani!"

Basi tukanywa kahawa. Vikombe viwili, mia nne.
Akaiuliza bahasha kwa kuizunguka:
"Hiyo unaipeleka leo?"
Nikasema nimeambiwa niwahi kabla ya adhuhuri.
Nikasema wiki ya sita hii nakohoa.
Nikasema, na hili hata mke wangu hakulisikia,
kuwa jana nilifika Mnazi Mmoja, nikaizunguka hospitali mara mbili,
nikarudi nyumbani na mkate.

Hakunipa pole. Alifunua kanga
akanionesha mshale wa dakika, umepinda.
Saa ya chuo chake. Watoto wanausogeza mbele
kwa mti wa ufagio, ili watoke mapema.
"Najua. Nawaona kabisa," alisema.
"Dakika kumi nawaachia.
Kumi na tano sizikubali."
Nikacheka nikakohoa, nikakohoa nikacheka,
akanisukumia kashata yake, akatazama njiani
mpaka nilipomaliza.

Chenji ikaja: sarafu ya mia tano, sarafu ya mia.
Tukatazamana.
Mia tatu mimi, mia tatu yeye, na hazigawiki.
Akachukua kubwa, akaniachia ndogo.
"Sasa wanidai mia mbili."
"Nimesamehe," nilisema, maana ndivyo tulivyolelewa.
"Usisamehe." Alikuwa keshasimama, anarekebisha ushungi.
"Ukisamehe, tumemalizana."

Akaingia sokoni. Ndani ya kikapu saa ikagonga tisa,
sauti ya sufuria iliyoanguka,
na ilikuwa saa nne ya asubuhi.

Ya daktari niyaache.
Vidonge vilikuwa mezani miezi sita, vyekundu,
navihesabu kabla ya chai,
na kila nikihesabu ile mia mbili hujileta yenyewe:
kuna mtu mjini humu, simjui jina wala mtaa,
hesabu yake haifungiki bila ya mimi.
Nikipanda gari huangalia vikapu kwanza,
nyuso baadaye.

Mwezi uliopita nilikuwa Jang'ombe, natafuta fundi wa mfereji.
Nyuma ya dirisha la mbao kitu kikagonga,
sufuria ile ile.
Watoto wakamwagika mlangoni, juzuu vifuani,
kandambili zimepishana,
mmoja bado na ufagio mkononi.
Nikatazama simu.
Dakika kumi na nne kabla ya wakati.

Huenda siye. Saa mbovu ni nyingi.
Nilisimama upande wa pili wa njia,
hodi imefika mdomoni,
ile sarafu ya mia bado nnayo mfukoni.
Ndani mtu alikuwa anakohoa kidogo, anavuta jamvi, anafunga.

Ningebisha, angelipa.

Nikarudi kituoni.